YAH: Gari la kuchaji mliloniuzia bila kuniambia hali ya betri

Tegeta, Dar es Salaam
10 Machi 2025

Meneja Mauzo,

Habari za kazi.

Mimi ndiye niliyechukua kwenu Mitsubishi Outlander PHEV (gari la betri ya kuchaji na injini ya petroli pamoja) ya mwaka 2014, rangi ya fedha, Novemba iliyopita. Kijana wenu wa mauzo alinibatiza "mama wa maswali", nikacheka. Sasa sicheki.

Nilikuja yadi kwenu nikitaka Toyota Aqua, ile ya petroli inayosaidiwa na umeme, haichajiwi kwa waya. Ninyi ndio mlionigeuza. Mkanikalisha, mkanipigia hesabu: Tegeta hadi Posta kwenda na kurudi hazipungui kilomita 45, na gari hili Japani lilipimwa likatembea kilomita 60.2 kwa umeme mtupu. "Mama, sheli utakuwa unapita unapunga mkono." Maneno matamu. Ila kipimo kile ni cha gari jipya, maabara, juu ya rola. Pale hapakuwa na foleni ya Barabara ya Bagamoyo wala kiyoyozi cha mchana wa Februari, na hilo hamkulisema.

Ndiyo maana niliuliza. Mara tatu, WhatsApp, meseji ninazo zote: afya ya betri ikoje? Mara ya kwanza mkajibu "iko poa". Ya pili mkanitumia picha ya odometa, kile kihesabu kilomita. Ya tatu mkanitumia kidole gumba. Jamani! Betri ya namna hii inachoka kwa umri na joto, hata gari likiwa limeegeshwa tu. Odometa itanieleza nini?

Januari nikampelekea fundi mwenye kifaa cha kupimia. Betri hiyo ikitoka kiwandani ina ampea-saa 40, ndicho kipimo cha umeme inaoweza kubeba. Yangu imebaki na 26. Nikichaji usiku kucha, asubuhi dashibodi inaandika kilomita 24. Nikiwasha kiyoyozi zinabaki 19, na nikikaribia Makumbusho injini inanguruma. Kila siku, palepale. Mwanangu ameshazoea, anasema, "Mama, limeamka."

Aqua nayo ina betri, ndogo, haifiki hata kilowati-saa 1, lakini haikuahidi mtu kwamba ataikimbia petroli. Hili lina karibu tani 1.8. Umeme ukiisha, injini inabeba na betri iliyochoka kama mgonjwa mgongoni, nami nalipa umeme wa LUKU usiku na petroli mchana. Anayenunua gari la kuchaji ananunua betri, ndugu zangu. Hilo mlilijua kuliko mimi.

Halafu kuna waya wa kuchajia. Ulikuja na plagi ya Kijapani. Fundi wenu akaikata palepale yadi, akafunga plagi yetu ya kawaida ya pini tatu. Waya unavuta ampea 15, plagi ile ni ya 13. Wiki ya pili tu niliamshwa na harufu. Nilipotoka kibarazani nikakuta plagi imelainika inaingia kidole, na soketi imegeuka rangi ya chai ya maziwa. Ndani walikuwa wamelala watoto watatu.

Risiti yenu imeandikwa "limeuzwa kama lilivyo". Nimeiona. Lakini lilivyo ndicho nilichokuwa nawauliza.

Nataka moja kati ya mawili: mchukue gari lenu mnirudishie fedha zangu, au mnibadilishie betri kwa gharama zenu, ipimwe mbele yangu. Waya wenye plagi na soketi inayostahili nautaka kwa vyovyote, wiki hii. Kwa hayo mengine nawapa siku 14 tangu mtakapopokea barua hii. Zikipita, nakwenda Tume ya Ushindani na zile meseji zetu, maana Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mnunuzi.

Nitapita ofisini Jumatatu saa 4 asubuhi. Plagi iliyoungua nakuja nayo.

Mteja wenu,
Mama wa maswali