Barua ya wazi kwa viongozi wa matawi ya chama cha wafanyakazi kwenye mashamba ya maua: hesabuni siku

Wanangu, marahaba, hata kama hamjaniamkia.

Naandika nikiwa na hasira na sitajifanya sina. Juzi kaletwa kwangu binti wa shamba moja la maua huku Arusha, tumbo la miezi sita, mkononi karatasi iliyochapwa vizuri: "Kwa hiari yangu naacha kazi." Hiari! Msimamizi ndiye aliyeichapa, ndiye aliyemshikisha kalamu, na ndiye aliyemwambia kuwa bila sahihi hapati hata mshahara wa mwezi ule. Nikamuuliza viongozi wa tawi walisemaje. "Walisema nitulie kwanza, nijifungue salama."

Ninyi hao. Nyote mnajua kwamba Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haikubali mimba iwe sababu ya kumwachisha mtu kazi. Mnajua siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, 100 kwa aliyejifungua pacha. Mmezibandika hadi ukutani. Msichokihesabu ni siku 30.

Anayepinga kuachishwa kazi anatakiwa afikishe mgogoro wake CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ya migogoro ya kazi, ndani ya siku 30. Hazianzi akishajifungua, wala mumewe akisharidhia. Fomu namba moja haina ada na haihitaji wakili. Unaijaza, unampelekea mwajiri nakala, anasaini kwamba amepokea (akikataa, andika jina la aliyekataa, tarehe na saa), kisha unaipeleka Tume pamoja na uthibitisho huo. Siku zikipita, unabaki kuomba kuongezewa muda, na hapo utaulizwa ulikuwa wapi siku zote hizo. Jibu la "viongozi waliniambia nitulie" litawaaibisha ninyi kabla ya mwajiri. Mwajiri mjanja hasemi hapana. Anasema, "Njoo wiki ijayo tuongee." Wiki nne za namna hiyo, kesi imekwisha bila yeye kufungua mdomo.

Najua mnaamka alfajiri, vidole vimechubuka kwa miiba ya waridi, na nyumbani kuna watu wa kupikiwa. Najua pia tulivyowalea: binti mwema ni yule asemaye "sawa bosi". Kosa hilo ni letu wazazi, na wahubiri wanaosifu uvumilivu wa mwanamke kila wiki bila kumgusa aliyemdhulumu.

Mmoja wenu aliniambia mahakama za kimataifa ni mambo ya wanasiasa. Hadijatou Mani wa Niger aliuzwa akiwa na miaka 12, akatumikishwa nyumbani na shambani takriban miaka tisa bila ujira. Alipoondoka na kuolewa kwingine, mahakama za kwao zikamhukumu kifungo kwa kuwa na waume wawili. Mahakama ya ECOWAS, jumuiya ya nchi za Afrika Magharibi, ndiyo iliyosema, Oktoba 2008, kwamba Niger ilishindwa kumlinda dhidi ya utumwa, ikaamuru alipwe faranga milioni 10. Majaji wale hawakuajiriwa na Niger. Januari 2025 Niger imejitoa rasmi ECOWAS. Mwenye shida kama yake leo aende wapi?

Na sisi je? Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iko hapa hapa Arusha, Barabara ya Dodoma. Serikali yetu ilitoa tamko mwaka 2010 kuruhusu mwananchi aende moja kwa moja, ikaliondoa Novemba 2019, na mwaka mmoja baadaye mlango ukafungwa. Sasa mtu azunguke kwa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliyoko Banjul, Gambia, wakati jengo analipita akienda sokoni.

Mahakama ya Afrika Mashariki nayo, mwaka 2006, ilizuia wabunge wa Kenya kuapishwa kwenye Bunge la Jumuiya. Wakuu wa nchi wakaubadili Mkataba wa Jumuiya haraka haraka: sababu mpya za kumwondoa jaji, na miezi miwili tu ya kufungua shauri. Muda tena! Mnaona wakubwa wanavyofikiri sawa na msimamizi wa shamba?

Msiseme basi tungoje huko juu. Mahakama ya Afrika kwa kawaida haipokei shauri ambalo halijamaliza ngazi za nyumbani. Aliyezembea CMA amejifungia na huko.

Mengine kwa kifupi. Mjamzito ampe mwajiri taarifa angalau miezi mitatu kabla ya kujifungua, na cheti cha daktari. Akirudi kazini, hadi saa mbili za kunyonyesha kila siku ni haki yake. Karatasi za mshahara zisikae kwa msimamizi. Hakuna kusaini kitu ambacho hakijasomwa na mtu wa pili.

Kikao kijacho cha tawi kiwe na ajenda mbili: nani atashika daftari la tarehe za walioachishwa kazi, na barua kwa shirikisho la vyama kulitaka liidai Serikali irejeshe lile tamko. Muhtasari nileteeni mimi mwenyewe, ukiwa na sahihi zenu.

Mama yenu, mstaafu wa chama cha wafanyakazi
Arusha