Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama kwa Mwaka 2025

Ndugu wanachama, Assalamu alaykum na Bwana asifiwe.

Hesabu za fedha atazisoma Mweka Hazina, na mambo ya misiba na michango yamo katika taarifa ya Katibu. Mimi nitabaki na jambo moja, ambalo limetushughulisha sisi wazazi wa Maryland kuliko jingine lolote mwaka huu: haki ya mzazi mwenye dini juu ya yale mtoto wake anayofundishwa shuleni kuhusu utambulisho wa kijinsia.

Tarehe 27 Juni Mahakama ya Juu ya Marekani ilitoa uamuzi katika shauri la Mahmoud dhidi ya Taylor, lililoanzia hapa hapa Kaunti ya Montgomery. Katika mwaka wa masomo wa 2022/2023 bodi ya elimu iliingiza katika somo la Kiingereza, kuanzia chekechea hadi darasa la tano, vitabu vya hadithi vinavyogusa mapenzi ya jinsia moja na utambulisho wa kijinsia. Mwanzoni mzazi aliweza kuomba mwanawe atoke darasani. Machi 2023 ruhusa hiyo ikatangazwa kufutwa. Bodi ilieleza kwamba maombi yalikuwa mengi kupita uwezo wa walimu, na kwamba mtoto wa familia inayofanana na zile za vitabuni angejiona ametengwa pindi wenzake wanapoinuka na kutoka. Wazazi Waislamu, Wakatoliki na Waorthodoksi walifungua shauri kwa pamoja, wakanyimwa zuio la muda katika mahakama mbili za chini, kisha wakalipata huko juu kwa majaji sita dhidi ya watatu.

Tangu siku hiyo swali ninaloulizwa zaidi ni kama vitabu vimeondolewa. Havikuondolewa. Uamuzi huo, uliojengwa juu ya uhuru wa dini uliomo katika Marekebisho ya Kwanza ya Katiba na juu ya shauri la mwaka 1972 la Waamishi wa Wisconsin, Wakristo waliokataa kwa sababu ya dini kuwapeleka watoto wao sekondari, ulitaka mzazi ajulishwe mapema na mtoto aruhusiwe kutoka wakati kesi yenyewe ikiendelea. Haumpi mzazi mamlaka ya kuamua mtoto wa jirani asome nini, na kwa maoni yangu ndivyo inavyostahili, ingawa najua baadhi yenu hatukubaliani hapo. Jaji Sotomayor, aliyeandika maoni ya waliopinga, alihofia kwamba shule zitaelemewa na watoto watakua bila kuzoea watu wasiofanana nao. Hofu hiyo nasi tunaoishi ugenini tuna sababu ya kuielewa.

Kwa upande wetu, Julai tulikula pilau na kupongezana, lakini uongozi, nikiwamo mimi, haukutenga hata saa moja kueleza utaratibu. Matokeo yake tuliyaona shule zilipofunguliwa. Dada mmoja anayehudumia wazee zamu ya usiku alinisimamisha nje ya ukumbi, bado amevaa sare ya kazi, akanipa simu yake nimsomee ujumbe wa shule. Ulikuwa umefukiwa chini ya matangazo ya chakula cha mchana na siku ya kupiga picha, na kitabu kilichotajwa kilikuwa kimeshasomwa siku mbili nyuma. Shule haikumficha kitu. Ujumbe haukufunguliwa tu.

Ndiyo maana Kamati ya Elimu sasa inatafsiri fomu na matangazo hayo kwa Kiswahili.

Sina budi pia kulisema lililonikera. Picha ya mwalimu mmoja iliwekwa katika kundi letu la WhatsApp pamoja na maneno ambayo sitayarudia. Niliifuta, nami nitaifuta nyingine yoyote. Mwalimu hapangi mtaala, na katika madarasa hayo wamo watoto wanaoumizwa na maneno ya namna hiyo, pengine hata wa kwetu.

Katika kikao cha Januari kila mzazi aje na simu yenye programu ya shule na nenosiri lake, ili vijana wetu wamsaidie kuweka arifa kabla hatujaanza ajenda nyingine.