Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Mashine Haioni Maji

Ndugu wanachama,

Mambo ya ada na hesabu mtayapata kwa mweka hazina. Kamati ya utendaji imeona taarifa hii iende kwenye kazi yenyewe, yaani ubora wa ripoti za upimaji wa maji ardhini tunazoziandika kabla ya mtambo wa kuchimba kisima kuingia. Mteja akikuta kisima kikavu halaumu mwamba, anamlaumu aliyepima.

Kosa linalojirudia ni ripoti inayosema "maji yapo mita 60" kwa kutegemea kipimo kimoja cha umeme. Mashine zetu hazioni maji. Zinapitisha mkondo kwa elektrodi mbili za nje, zinasoma volti kati ya mbili za ndani, basi. Kinachotoka ni ukinzani, yaani jinsi ardhi inavyozuia umeme kupita, na hupimwa kwa om-mita. Mfinyanzi uliolowa unaweza kusoma om-mita 10, na mchanga wenye maji ya chumvi ukasoma 10 hiyo hiyo. Granaiti iliyooza na kushika maji mara nyingi huangukia kati ya 20 na 100, na granaiti nzima hupita 1,000.

Hata hiyo namba yenyewe inataka adabu. Chukueni AB/2 (nusu ya umbali kati ya elektrodi za nje) ya mita 100 na MN (umbali kati ya zile za ndani) ya mita 20: kizidishio cha mpangilio huo, namba ya kuzidishia volti ikigawanywa kwa mkondo, ni takriban 1,555. Mkondo ukiwa miliampia 20 na mashine ikasoma milivolti 1, ukinzani unaoonekana ni om-mita 78. Nyaya za umeme za jirani zikichafua kipimo kwa milivolti 0.3 tu, 78 inageuka 54 au 101, na tafsiri nzima inahama nayo. Kurekebisha kwenye kompyuta hakusaidii hapo. Ongezeni mkondo: pigilieni vyuma viwili au vitatu kwa pamoja kila upande wa nje, mwagieni maji ya chumvi, subirini yanywewe na udongo, kisha rudieni kusoma mpaka namba zitulie. Kiangazi cha Dodoma bila maji ya chumvi ni kujisumbua. Na kila mnapopanua MN, someni vituo viwili vya AB/2 kwa MN ya zamani na mpya pia. Vipande viwili vya mchirizo (mstari wa grafu ya ukinzani dhidi ya AB/2) visipokaribiana, kuna kitu karibu na elektrodi za ndani, labda kichuguu, bomba la zamani au uzio wa chuma. Hamisheni kipimo, msilainishe mchirizo kwa mkono.

Lipo pia tatizo ambalo programu haiwezi kuliondoa. Tabaka la mita 10 lenye om-mita 20, likiwa limekaa kati ya matabaka yenye ukinzani mkubwa, huchora mchirizo karibu sawa na tabaka la mita 20 lenye om-mita 40, kwa kuwa unene ukigawanywa kwa ukinzani unapata 0.5 kote kuwili. Kwa mchimbaji hiyo ni tofauti ya mita 10 za kuchimba na kesingi (bomba la kushikilia kuta za kisima), na mteja ndiye anayelipa. Kinachoamua ni kisima cha jirani chenye kumbukumbu ya matabaka. Asiye na kumbukumbu hiyo aandike kina kama upeo, "kati ya mita 45 na 60", na aseme kwa nini.

Kwenye miamba ya Dodoma na Singida, maji ya maana yamo kwenye nyufa na katika sehemu ya chini ya mwamba uliooza. Ndiyo maana upimaji uanze kwa kukata ufa kwa pembe mraba, kituo kila mita 10, ndipo kipimo cha kina kifanyike mahali ufa ulipoonekana, kamba ya elektrodi ikilazwa sambamba na ufa. Halafu kigingi cha kuonyesha pa kuchimba kikishawekwa, kilindwe. Mwenye kiwanja akikisogeza mita 15 ili kisima kiwe karibu na jiko, au dereva wa mtambo akakisogeza kwa sababu ya mwembe, ufa wa upana wa mita chache umeshapitwa. Ripoti iwe na namba za GPS na picha ya kigingi, na siku ya kuchimba zilinganishwe.

Kuhusu kupima wingi wa maji. Maji yanayorushwa na kompresa wakati wa kuchimba yasiandikwe kama uwezo wa kisima. Tunataka hatua nne za kupampu, kila moja saa moja au zaidi, kisha saa 24 kwa kiwango kimoja, kisha kupima maji yanavyorudi. Ndoo ya lita 20 ikijaa kwa sekunde 24, hiyo ni lita 3,000 kwa saa. Ipimeni kila nusu saa, kwa sababu pampu hupunguza kasi kadiri maji yanavyoshuka. Maji yatolewe mbali, yasirudi kisimani kwa kuzunguka. Mkishaweka mshuko wa maji kwenye karatasi ya logi, kwa kiwango hicho cha lita 3,000 kwa saa, mteremko wa mita 2.6 kila muda unapoongezeka mara kumi unatoa upitishaji (uwezo wa mwamba kupitisha maji) wa mita za mraba 5 hivi kwa siku. Mteremko ukizidi maradufu usiku wa manane, maji yamegonga ukuta wa mwamba mzima. Aliyezima pampu baada ya saa nane za mwanzo kuokoa dizeli hawezi kuliona hilo, na mteja atakuja kuliona mwezi wa Oktoba.

Hapa ndipo haidrolojia inapoingia, na Makutupora, eneo la visima vinavyolisha jiji la Dodoma, ni darasa letu la bure. Usawa wa maji pale umerekodiwa tangu miaka ya 1950, na uchambuzi wa miaka 55 uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba maji hayajazwi kila msimu. Hupita miaka yakishuka, kisha mvua kubwa, nyingi zikifungamana na El Niño, zikayapandisha kwa pamoja. Msimu wa 1997/98 ulikuwa mkubwa kuliko yote. Kwa hiyo anayepima kisima baada ya mvua za namna hiyo anapima akiba iliyojaa. Katika mwamba wenye nafasi ya maji ya asilimia 2, usawa wa maji ukipanda mita moja, mwamba umepokea milimita 20 tu, na hizo huenda zikalazimika kutumika kwa miaka kadhaa. Kibali cha kutumia maji kinachoombwa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji, Na. 11 ya 2009, kizingatie hilo.

Wenzetu wa Dar es Salaam na Bagamoyo shida yao ni nyingine: ukinzani mdogo kwao mara nyingi ni bahari. Maji baridi yakishuka mita moja, mpaka wa chumvi unaweza hatimaye kupanda hadi mita 40. Pimeni upitishaji umeme wa maji kila baada ya saa chache za kupampu.

Kamati inaleta kwenu mapendekezo haya yapigiwe kura. Ripoti isiyo na namba ghafi za uwanjani isipewe muhuri wa chama. Kila kisima, hata kikavu, taarifa yake ya matabaka ipelekwe Bodi ya Maji ya Bonde na nakala ije kwetu. Sampuli ya maji ipimwe floraidi kabla pampu haijafungwa, na ikizidi miligramu 1.5 kwa lita mteja aambiwe kwa maandishi. Mwisho, kila kanda ichague kisima kimoja kisichotumika, kifungiwe kofia yenye kufuli, na usawa wa maji upimwe kila tarehe 1 ya mwezi. Majina ya visima hivyo yamfikie katibu kabla mvua za Desemba hazijaanza, ili kipimo cha kwanza kiwe cha kiangazi.