Barua kwa mwanangu kuhusu wasanii wa Montmartre

Mwanangu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta ukiwa na afya njema. Sisi hapa nyumbani sote tu wazima. Nimeyasoma kwa makini uliyoniandikia kuhusu wasanii wa Paris wa karne ya 19, hasa kauli yako kwamba njaa ndiyo iliyowakuza, na kwamba anayetaka kuchora kwa dhati hana budi kuacha chuo na kuishi kama wao. Kwa miaka yote niliyofundisha Kifaransa watu hao walikuwa wenzangu vitabuni, nami nawapenda kama unavyowapenda wewe. Ndiyo maana nataka tuwatazame vizuri.

Aliyeieneza sifa ya maisha hayo ya kibohemia, yaani ya msanii fukara asiyejali desturi, ni mwandishi Henri Murger, ambaye kati ya mwaka 1845 na 1849 alichapisha gazetini visa vya vijana washairi na wachoraji wanaoishi vyumba vya darini, wakikimbiana na wenye nyumba na kugawana chakula cha kuokoteza. Visa hivyo vilitungiwa tamthilia mwaka 1849, vikatoka kama kitabu mwaka 1851, na Murger alipopata fedha aliupa ufukara kisogo bila kusita. Alifariki mwaka 1861 akiwa na umri wa miaka 38. Wasomaji hukumbuka vicheko vya kitabu chake na kusahau kwamba msichana aitwaye Mimi, anayependwa kuliko wote humo, anafia hospitalini.

Sasa tazama kilichotokea kizazi kimoja baadaye. Milango ya sanaa Ufaransa ilikuwa mikononi mwa jopo la waamuzi wa Salon, maonyesho rasmi ambayo bila hayo mchoraji hakuweza kujulikana wala kuuza. Mwaka 1863 kazi zilizokataliwa zilikuwa nyingi mno, na malalamiko yalipozidi, Napoleon III mwenyewe, mtawala wa Ufaransa, aliamuru zionyeshwe kando ili wananchi wajiamulie. Mlango rasmi ulipofungwa, vijana walitafuta mahali pao wenyewe pa kusikilizana. Mnamo Oktoba 1878 mshairi Émile Goudeau alianzisha kundi la Hydropathes, ambalo jioni zake zilikusanya mamia ya watu kusikiliza mashairi, nyimbo na vichekesho ambavyo hakuna mchapishaji aliyevitaka. Mwaka 1881 Rodolphe Salis alifungua kabareti ya Chat Noir, yaani ukumbi wa vinywaji na burudani, chini ya kilima cha Montmartre, akamshawishi Goudeau ahamie huko na watu wake, na kuanzia Januari 1882 wakawa na gazeti lao la kila wiki. Humo mshairi alikaa meza moja na mchoraji na mpiga piano. Mtunzi wa muziki Erik Satie alipata riziki yake huko akicheza piano.

Hapo ndipo ninapoiona mbegu, mwanangu. Walikuwa na baraza. Shairi lilisomwa usiku uleule lilipoandikwa, mbele ya watu wenye ujuzi na ulimi mkali, na mwandishi aliondoka akijua mstari gani umekufa. Kodi za Montmartre zilikuwa nafuu, kwa kuwa kilima hicho kiliunganishwa na jiji mwaka 1860 tu na bado kilikuwa na sura ya kijiji. Unafuu huo uliwapa muda wa kufanya kazi.

Sitakuficha upande mwingine. Mwaka 1882 Jules Lévy alifungua maonyesho ya kundi la Incohérents, wasanii wa mzaha, nyumbani kwake, na Paul Bilhaud akatundika picha nyeusi tupu, miongo mitatu kabla ya mchoraji Malevich kuonyesha mraba wake mweusi Urusi. Wanahistoria huitaja kwa fahari kama mwanzo wa sanaa isiyoonyesha umbo lolote. Jina alilolipa turubai hilo, hata hivyo, lilikuwa dhihaka kuhusu watu weusi wanaopigana usiku, na ukumbi mzima ukacheka. Miaka 25 baadaye mchoraji Picasso aliingia katika jumba la makumbusho la Trocadéro, akasimama mbele ya vinyago vya Kiafrika, na mchoro wake wa wanawake watano wa Avignon haukubaki kama ulivyokuwa. Majina ya waliochonga vinyago vya namna hiyo hayakuandikwa. Unapowasoma wasanii hawa, yashike yote mawili pamoja. Mimi huumia kila ninapoyafikiria, na bado naitazama michoro hiyo kwa heshima.

Kuhusu njaa yenyewe, nenda Bateau-Lavoir, jengo la mbao alilohamia Picasso mwaka 1904, ambamo wapangaji wote walitumia bomba moja la maji na majira ya baridi vilivyobaki vikombeni viliganda usiku. Kabla ya hapo alikuwa ameshirikiana kitanda kimoja na mshairi Max Jacob: Jacob alilala usiku kwa sababu mchana alikuwa kibaruani, naye Picasso alichora usiku na kulala mchana. Kilichomwokoa ni rafiki mwenye mshahara. Mwandishi Alfred Jarry, ambaye tamthilia yake ya Mfalme Ubu ilizua zogo ukumbini tarehe 10 Desemba 1896 tangu neno la kwanza, hakuokoka hivyo. Aliishi katika chumba ambacho mwenye nyumba alikuwa amekikata katikati kwa kimo, akanywa kupita kiasi, akafariki mwaka 1907 akiwa na miaka 34.

Nimemwacha mwisho ninayetaka umjue kuliko wote. Suzanne Valadon alizaliwa mwaka 1865, mtoto wa mwanamke asiye na mume aliyefanya vibarua vya kufua na kusafisha. Alifanya sarakasi hadi alipoanguka, kisha akapata riziki kwa kukaa mbele ya wachoraji ili wamchore, wakiwemo Renoir na Toulouse-Lautrec. Shule kuu ya sanaa ya Paris haikupokea wanawake hadi mwaka 1897. Yeye alijifunza kwa kutazama mikono ya waliomchora, akichora kimya kimya nyumbani huku akimlea mwanawe, mpaka mchoraji Degas alipoiona michoro yake na kuinunua. Mwaka 1894 kazi zake zilionyeshwa katika maonyesho ya chama cha wasanii cha Société Nationale. Nafasi uliyo nayo wewe chuoni, ya mwalimu anayekaa kando yako na kukuonyesha, yeye aliiiba kipande kwa kipande akiwa amekaa bila kutikisika kwa saa nyingi.

Kwa hiyo sikukatazi kukodi chumba na wenzako. Tafuteni, mradi kiwe karibu na chuo, nami nitachangia kodi. Nataka msomeane na kukosoana kila juma bila kuoneana haya. Mtazame Valadon katika mchoro wake wa mwaka 1923, wa mwanamke mnene aliyejilaza na sigara mdomoni na vitabu miguuni pake, kisha uniandikie unaonaje alivyoupaka mwili ule.

Ni mimi mama yako akupendaye.