Shosti, ua lako lataka giza

Shosti wangu wa dhati,

Waonaje hali, mama naye? Sisi huku Majengo hatujambo, kusi ishaingia na joto limepungua kidogo alhamdulillahi.

Ile voisi yako ya jana nimeisikiliza mara mbili. Ati wataka kuitupa kalanchoe manake mwaka wa pili huu ni majani matupu. Usiitupe wallahi! Yangu ilikuwa hivyo hivyo, naweka mbolea, majani yananenepa tu na ua hakuna, nikadhani nimeuziwa mche mbovu kumbe shida ni taa ya sebuleni.

Ule mmea asili yake Madagaska, na hutia maua usiku ukiwa mrefu. Sasa hapa Mombasa mchana na usiku ni kama saa 12 kwa 12 mwaka mzima, halafu wewe magharibi taa yawaka mpaka saa sita za usiku mwatazama tivi, mmea umebakiwa na giza la saa sita hivi, utatoaje ua?

Mimi nilichukua katoni kubwa nikaziba matundu yote na selotepu, saa kumi na moja jioni nafunika, saa moja asubuhi nafunua, yaani saa 14 za giza, kila siku kwa wiki sita bila kuruka, na siku nikikwama feri nampigia mwanangu nyumbani afunike. Na usichungulie usiku na tochi ya simu tafadhali, dakika chache tu za mwanga katikati ya usiku na mmea waona kama usiku umekatika. Mimi nilichungulia wiki ya kwanza, ikabidi nianze kuhesabu upya.

Mchana uweke karibu na dirisha lenye mwanga mzuri. Maji usitie mpaka udongo ukauke, ya kwenye kisahani mwaga, ule mmea waweka maji kwenye majani na mizizi ikilowa sana yaoza. Mbolea acha kwanza.

Anza wiki hii hii. Usiku wa joto sana huchelewesha matumba, mimi nilijaribu Januari nikachoka bure, nikarudia Juni ndo ikakubali. Asubuhi moja nafunua naona vitu vya kijani kama punje za mtama juu ya majani, nikaita nyumba nzima waje waone! Maua yenyewe yakachukua wiki kadhaa tena, ya rangi ya chungwa, na yamekaa muda mrefu mashallah.

Lakini yule paka wako mweke mbali, kalanchoe ni sumu kwa paka, na hata mbuzi wa jirani asiifikie.

Jumapili nakuja Kisauni, katoni nakuletea, ishazibwa tayari.

Wako wa siku zote