Andikeni kwa chaki jina la mti na mwezi ulipopasuliwa

Bwana Mhariri,

Namjibu msomaji wa mtaa wa Katuba aliyeuliza katika gazeti lako: mtu anayetengeneza vitu vyake mwenyewe nyumbani, asiye na atelie wala mashini, anunue wapi mbao ngumu nzuri hapa Lubumbashi? Nilipolisoma swali lake nilikata ule ukurasa nikauweka kwenye sanduku la vyombo vyangu, kwa sababu ni swali langu pia.

Mimi ni muuguzi. Zamu za usiku hunipa mapumziko katikati ya wiki, na siku hizo huzipitisha chini ya paa la bati nyuma ya nyumba yetu, Kampemba, pamoja na randa mbili, misumeno mitatu, patasi na jiriwa alizoniachia marehemu baba. Yeye alikuwa seremala wa mabehewa kwenye reli. Sifanyi kazi hii kwa kuuza. Nimetengeneza vigoda, kabati la vyombo, kitanda cha mjukuu, na meza moja ambayo ndiyo imenifanya nishike kalamu leo.

Meza hiyo niliitengeneza kwa ajili ya harusi ya binti yangu. Nilinunua mbao nne mwezi wa Februari, mvua ikiwa bado inanyesha, katika depo moja kando ya barabara. Nyekundu, pana, hazina fundo. Muuzaji aliniambia: "Mama, hii ni mulombwa, tena iko ya kukauka." Nilimwamini. Niliziunganisha kwa gundi, nikazikaza kwenye fremu kwa skrubu kila upande, nikapaka vanishi mara tatu. Harusi ilikuwa nzuri na meza ilisifiwa. Mwezi wa Agosti binti yangu alinipigia simu asubuhi akisema meza imelia usiku, kishindo kama cha kitu kilichoanguka. Nilipofika nilikuta ufa wa katikati unaopitisha ncha ya kisu, na ubao mmoja umejikunja pembeni kama kigae.

Kosa moja lilikuwa langu. Ubao hausinyai kwa urefu, karibu hata kidogo, lakini kwa upana husinyaa sana, na ule wa sentimeta 30 uliopasuliwa mbichi unaweza kupoteza karibu sentimeta nzima kabla haujatulia ndani ya nyumba. Mimi nilikuwa nimeubana kwa skrubu usiweze kusogea, na kitu kisichoweza kusogea hupasuka. Baba angenionya.

Kosa la pili nililigundua nilipoivunja ile meza ili niitengeneze upya. Nilipoondoa vanishi na kupitisha randa upande wa chini, ambao mara ya kwanza sikuugusa, ule wekundu ukatoka wote pamoja na maranda ya kwanza. Chini yake mti ulikuwa wa kahawia iliyopauka. Ule wekundu ulikuwa udongo wetu. Mbao zilikuwa zimelala kando ya barabara ya vumbi wiki nyingi, malori yakipita, na mvua ikalisukuma vumbi lile ndani ya nyuzi za mti. Kila ubao katika rundo lile ulikuwa na rangi ileile. Huenda hata muuzaji hakujua anauza nini, na simshtaki kwa wizi. Nasema kwamba katika mji huu barabara inazipaka mbao zote rangi moja, halafu sisi tunanunua kwa macho.

Kwa hiyo, ndugu yangu wa Katuba, kabla ya kutafuta muuzaji, jifunze miti michache kwa pua na kwa mkono. Mulombwa wa kweli, ule ambao jirani zetu wa Tanzania huuita mninga na vitabu huuita Pterocarpus angolensis, si mzito sana. Ukiurandia kona unatoa harufu tamu, na ukishakauka hutulia kuliko mti wowote ninaoujua. Ndiyo maana wazee waliupenda kwa milango na makabati. Ukiutia shoka ukiwa umesimama, hutoa utomvu mwekundu kama damu. Watoto wa vijijini wanalijua tunda lake: duara, lenye miiba katikati na ukingo mwembamba kama wa sahani. Funga kitambaa puani unapoupiga msasa, maana vumbi lake linawasha na kuziba kifua. Hilo nalisema kama muuguzi. Mukula ni ndugu yake, lakini ni mzito zaidi na wekundu wake umeingia hadi ndani. Mubanga ni habari nyingine: kahawia iliyokolea, mgumu kiasi cha kuua makali ya patasi kwa dakika chache, na mchwa hawauwezi. Mzuri kwa nguzo na kwa miguu ya benchi. Kwa mtu mwenye randa ya mkono na subira ya kawaida, simshauri aanze nao. Muputu na mutondo, ambayo wengi wetu tunaijua kama makala ya kupikia kwenye mbabula, jiko letu la makaa, nayo hupasuliwa mbao na kuuzwa kwa jina la jumla la "mbao ngumu". Kisha zipo mbao nyeupe za msonobari zinazovuka mpaka wa Kasumbalesa kutoka Zambia. Hizo zinafaa kazi zake, lakini hatuzizungumzii hapa.

Sasa muuzaji. Nilizunguka miezi mingi baada ya ile meza. Niliambiwa zaidi ya mara moja, "Mama, mwambie papa aje mwenyewe," yaani mume wangu, kana kwamba nimetumwa sokoni bila kuelewa ninachotafuta. Niliambiwa kwamba rundo halifunguliwi, nichukue za juu tu. Mahali pengine nilipima kwa meta yangu mbao zilizouzwa kuwa 30 kwa 4, nikakuta 27 kwa 3.5. Wengine wataona ni kidogo. Pigeni hesabu: kwa ubao wa meta 4, tofauti hiyo inakula zaidi ya sehemu moja kwa tano ya mti ulioulipia.

Aliyenisaidia mwishowe ni mzee mmoja kwenye njia ya Kasenga. Simtaji jina kwa sababu sikumwomba ruhusa. Depo yake ni ndogo kuliko zote nilizopita. Kitu cha kwanza alichoniuliza hakikuwa pesa ngapi ninazo. Aliuliza, "Mama, unatengeneza nini?" Nikamwambia kabati la vyombo, milango miwili. Akaniongoza hadi nyuma, penye paa, mbao zimepangwa juu ya matofali mbali na ardhi, kwa sababu ya mchwa, na kati ya kila ubao na mwenzake kuna vijiti vilivyokaa katika mstari mmoja kutoka chini hadi juu, hewa ipite. Vichwa vya mbao vilikuwa vimepakwa rangi ya zamani. Alinieleza kwamba maji hutoka upesi zaidi kichwani, na kichwa kikikauka kabla ya tumbo, ubao hupasuka. Alitoa randa yake mwenyewe mfukoni, akasafisha kona ya kila ubao niliougusa, akaninusisha. Alipofika kwenye mbao mbili nzuri kuliko zote, akasema, "Hizi ziache. Zilipasuliwa mwezi wa Januari. Zifuate mwaka kesho."

Muuzaji aliyekataa pesa yangu siku ile ndiye ambaye tangu hapo nampelekea pesa yangu yote ya mbao.

Alijuaje kwamba ni Januari? Alikuwa ameandika. Kwenye kichwa cha kila ubao, kwa chaki ya shule: jina la mti, mwezi, mwaka. Hicho tu.

Bwana Mhariri, ombi langu kwa wenye depo za mji huu ni hilohilo. Andikeni. Kipande kimoja cha chaki kinatosha kwa rundo zima. Nimewauliza baadhi yenu, na jibu lenu lina uzito: mbao zimepita mikononi mwa watu watatu au wanne kutoka porini hadi hapa, mwenye depo hakuwapo zilipopasuliwa. Basi andikeni mwezi zilipofika kwenu. Desturi ya maseremala ya kukausha kwa hewa ni kama mwaka mmoja kwa kila unene wa sentimeta mbili na nusu. Nikijua ubao wa sentimeta 5 umefika kwenu miezi minne iliyopita, najua kwamba natakiwa kuungoja, na nitaungoja nyumbani kwangu bila kinyongo. Kinachoniumiza ni kuambiwa umekauka.

Na asiyeandikiwa asikae mikono mitupu. Nitaeleza ninavyofanya, maana kifaa cha umeme cha kupimia unyevu ni ghali na si kila mtu atakipata. Naomba nikatiwe kipande kidogo, si cha kichwani kabisa bali cha ndani kidogo, kama sentimeta 30 kutoka mwisho. Nakipima kwenye mizani ya jikoni. Nakiweka katika oveni yenye moto mdogo, chini sana ya ule wa mikate, nakitoa kila baada ya saa chache na kukipima tena, hadi uzito ukome kupungua. Kipande changu cha mwisho kilikuwa gramu 230 kikaishia 184. Yaani maji gramu 46. Ukizigawa kwa uzito mkavu unapata asilimia 25. Kwa samani za ndani natafuta kati ya 8 na 12. Umeme ukikatika, sufuria nzito yenye mfuniko juu ya mbabula yenye makala machache inafanya kazi ileile, ila lazima ukae hapo, kipande kisiungue.

Kuna jambo lingine ambalo ile chaki ingesaidia. Sote tuliyaona malori ya mukula yakielekea mpakani miaka ile ya 2016 na 2017, na sote tunajua misitu ya miombo inavyorudi nyuma mwaka hadi mwaka kwa sababu ya makala. Mwaka 2019, mjini Geneva, nchi za CITES, mkataba wa biashara ya kimataifa ya wanyama na mimea iliyo hatarini, ziliuweka mukula katika orodha ya miti ambayo biashara yake ya kuvuka mipaka inahitaji vibali. Novemba 2022, huko Panama, ziliongeza jamii yote ya Pterocarpus ya Afrika, mulombwa ukiwamo. Mkataba huo hauhusu kigoda ninachotengenezea nyumbani kwangu. Lakini sheria yetu ya misitu hapa Kongo, namba 011/2002 ya tarehe 29 Agosti 2002, inatuhusu sote, na chini yake anayekata mti kwa ajili ya kuuza anatakiwa kuwa na kibali. Ninapomuuliza muuzaji mbao zimetoka upande gani na nani alizikata, simchunguzi. Mulombwa huchukua miaka mingi sana hadi uwe na kiini kipana cha kutosha mlango. Nataka kujua kama ninaoununua ulikatwa na mtu atakayeacha miti michanga ikue.

Kwetu wanunuzi nako kuna deni. Tunafika depo, tunamkuta mzee aliyeweka mbao zake miaka miwili chini ya paa, pesa yake imelala humo miaka hiyo yote, halafu tunamtajia bei ya mbao mbichi za kando ya barabara. Akikataa tunaondoka. Nimefanya hivyo mimi mwenyewe, kabla ya ile meza. Leo, ubao mkavu, wenye jina na tarehe, ambao nimeruhusiwa kuurandia kona, naulipia robo zaidi bila kubishana, na bado ni rahisi kuliko mbao nne nilizozinunua mara mbili. Vijana wengi wa hapa wanaanza kazi hii; nawaona wakitengeneza viti kwa palati za mizigo kwa sababu wameshaogopa depo. Mikono yao ni mizuri. Wanastahili mti mzuri.

Msomaji wa Katuba, kama unataka, nenda njia ya Kasenga, tembea taratibu, na katika kila depo angalia vitu viwili kabla ya kusalimia bei: vijiti kati ya mbao, na randa mkononi mwa muuzaji. Ukiona vyote viwili, umefika.

Nami wiki ijayo nina mapumziko ya Jumanne na Jumatano. Nimenunua maboksi sita ya chaki nyeupe kwenye soko ya Kenya, mtaa wa hapa mjini. Nitapita depo sita za Kampemba na njia ya Kasenga, niache boksi moja kila mahali watakapokubali kulipokea.

Muuguzi, mama wa watoto watatu
Kampemba, Lubumbashi