Usingizi wa wagonjwa wa neva nao upimwe

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwaeleze wakuu wa afya wa kaunti yetu ya Lamu jambo ambalo jamaa wengi wa wagonjwa huliona usiku na kulinyamazia mchana.

Baba yangu alikuwa nahodha wa jahazi. Miaka saba kabla mkono wake wa kulia haujaanza kutetemeka, alikuwa akipiga kelele usingizini, "Shusha tanga! Shusha!", huku akirusha ngumi na mateke, hata alfajiri moja mama akaamka jicho limevimba. Tulimsomea, tukamwandikia kombe, mama akahamia chumba cha pili, na katika kliniki zote tulizopita hakuna aliyeuliza mzee analalaje. Alipogunduliwa kuwa na ugonjwa wa Parkinson, maradhi ya ubongo yanayoleta mtetemeko na kukaza mwili, ndipo daktari mmoja wa Mombasa alipotueleza kwamba katika usingizi wa ndoto misuli ya mtu mwenye afya hulegea, isipokuwa ya macho na ya kupumulia, na kwamba kwa wengine ulegevu huo hutoweka, mtu akawa anayatenda anayoyaota. Hali hiyo ilielezwa mwaka 1986 na madaktari wa Marekani, Schenck na Mahowald, nayo huweza kutangulia Parkinson kwa miaka mingi. Si kila anayeweweseka ana maradhi haya. Ndiyo maana kipimo kinahitajika.

Kwa kawaida mgonjwa hulazwa katika maabara ya usingizi, akabandikwa nyaya kichwani, kando ya macho, kidevuni na miguuni, kisha mtaalamu akausoma usiku wake kwa vipande vya sekunde 30, ambavyo kwa saa 8 ni vipande 960. Siku hizi zipo programu za kompyuta zinazosoma vipande hivyo zenyewe kwa muda mfupi, na vipo vifaa ambavyo mgonjwa huvivaa akiwa kitandani kwake. Kwa mzee asiyeweza kupanda boti ya Mokowe bila kubebwa, kisha akae kwenye basi hadi Mombasa, hilo si jambo dogo.

Hata hivyo, naomba kifaa kisinunuliwe bila kuchaguliwa kwa makini. Programu iliyofundishwa kwa usingizi wa watu wenye afya huweza kukosea inapokutana na ubongo uliougua, kwa kuwa mawimbi yake ya umeme hubadilika. Baba hukaa macho saa nzima gizani, mwili umekaza, akingoja mtu amgeuze ubavu. Saa ya mkononi inayohesabu mitikisiko tu ingeandika kwamba amelala fofofo, na mkono ukianza kutetemeka ingeandika kwamba ameamka. Kinachotufaa ni kifaa kinachopima ubongo na misuli pamoja, kilichojaribiwa kwa wagonjwa wa aina hii, na majibu yake yapitiwe na daktari wa neva kwa njia ya intaneti.

Wakati tukingoja, matabibu wetu wanaweza kuanza na swali lisilogharimu kitu, la mgonjwa analalaje, nalo aulizwe anayelala karibu na mgonjwa, kwani mgonjwa mwenyewe mara nyingi hajui. Asubuhi ile mama alipovimba jicho, baba aliapa kwamba alilala usiku kucha bila kujigeuza.

Binti wa mgonjwa,
Langoni, Lamu